Bibi Aliyepumua kwa Sauti

Mama yangu alipika bila kupumua. Akisikia mtu anapita nyuma ya nyumba, mwiko ulisimama juu ya sufuria, mabega yakapanda, kifua kikatulia kama cha mtu anayepigwa picha. Mpita njia akishaenda, mama alishusha mabega na kuendelea kukoroga. Tuliishi kambini Tanzania, mwanzo katika mahema, kisha katika nyumba za udongo zilizobanana hata unamsikia jirani akijigeuza kitandani, kwa hiyo watu walipita nyuma yetu mchana kutwa. Sijui mama aliishije miaka yote ile kwa hewa kidogo namna hiyo.

Sikuliona kuwa ni jambo. Nilidhani akina mama wote wako hivyo, na mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Darasani mwalimu akinigeukia nilibana pumzi mpaka nikaona vinyota. Mwalimu huyo alikuwa mkimbizi mwenzetu, mtu mpole, na siku moja aliniuliza mbele ya wote, "Binti, mbona unavuta hewa kama unaiiba?" Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, maana ukikulia kambini unajifunza mapema kucheka pamoja na wanaokucheka.

Kambi ilipofungwa tulirudishwa Burundi. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimeshajifunza cherehani, na nchi niliyorudishwa niliiacha nikiwa na miaka saba. Lori lilitushusha kwetu Makebuko, mkoani Gitega, mbele ya ofisi ya komuni, yaani ya serikali ya pale, pamoja na turubai, sufuria mbili na gunia la maharage. Watu walikuja kututazama. Walisema tumenenepa. Walisema Kirundi changu kina harufu ya Tanzania. Baadaye watoto waliniita Mtanzania, na mama zao hawakuwakataza.

Aliyekuja kutupokea ni baba yangu mdogo. Baba yangu aliuawa wiki ya kwanza ya vita. Huyu mdogo wake hakukimbia kamwe, alikaa nchini vita vyote, akalima mashamba yote ya familia, letu likiwemo. Alinikumbatia. Kisha akasimama mbele ya mama, hakumkumbatia, akamwuliza kwa Kirundi cha taratibu, "Mama yangu mlimzika wapi?"

"Njiani," mama akajibu. "Pumu ilimzidia."

"Njiani wapi?"

"Ilikuwa vita, shemeji. Wapi, mi sikumbuki."

Nilimtazama mama. Mabega yake yalikuwa yamepanda mpaka karibu na masikio. Hapo ndipo kifua changu kilipofunga kwa mara ya kwanza. Sijui niseme vipi. Nilivuta hewa, ikaingia kidogo, nikavuta nyingine juu yake, na nyingine, na zote zilikwama kooni. Midomo ikaingia ganzi. Vidole vikajikunja kama makucha ya kuku aliyechinjwa, nikashindwa kuvikunjua. Nilianguka juu ya gunia la maharage nikiwa na hakika kabisa kwamba ninakufa, na nilichokiwaza ni kwamba nimefia mbele ya watu wanaosema nimenenepa.

Walinipepea. Walinimwagia maji. Mtu mmoja akasema, "Ni pumu," na mama akadakia haraka, haraka mno, "Ndiyo, ameirithi kwa bibi yake."

Baba mdogo aliposikia hivyo uso wake ulilainika. Alipiga magoti akanishika kichwa. Siku ile alitupenda kwa sababu ya uongo.

Tulipewa kipande cha shamba kwenye mteremko, sehemu ambayo mvua ikinyesha udongo unateremka bondeni kwa mwenzako. Sehemu tambarare, alipozaliwa baba yangu, ilikuwa na migomba ya baba mdogo, na migomba haihamishwi. Mama hakulalamika. Nilimwuliza kwa nini hadai haki ya mumewe wakati wengine waliorudi wanadai. Akasema tu, "Tulime hapa." Nilimwona mnyonge. Nilimdharau kidogo, niseme ukweli.

Kifua kiliendelea kufunga. Kanisani, sokoni, kwenye foleni ya bomba la maji. Kwenye kituo cha afya walinisikiliza mgongo, wakamsikiliza na mama, ambaye alieleza habari za bibi kwa kirefu, jinsi alivyolala ameketi, jinsi kifua chake kilivyopiga filimbi. Wakanipa kichupa cha dawa ya kuvuta mdomoni. Dawa ile ilinipigisha moyo kama ngoma na haikufungua chochote. Niliivuta hivyo hivyo. Mama alinikumbusha: umevuta? Vuta tena. Akija mgeni alimwonyesha kichupa. Ulikuwa ushahidi wake, ingawa wakati huo sikujua kesi ni ipi. Au nilijua. Nimejiuliza mara nyingi kama nilijua.

Nikachoka na mteremko, nikachoka na kuitwa Mtanzania, nikaenda Muyinga. Rafiki niliyekuwa naye kambini alinipeleka kwa mama mmoja Mwislamu, mjane, mwenye kibanda cha ushonaji cha vyerehani vitatu. Mjini Muyinga, kwenye mitaa ya Waislamu, Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani, na huko hakuna aliyenicheka, isipokuwa huyo mama alisema naongea kama redio. Alikuwa mkali na mwenye jicho la kuona mambo. Mwezi wa kwanza aliniambia, "We unashona vizuri, lakini unashona kama mutu anaogopa kuamsha mutoto. Hapa hakuna mutoto. Kanyaga hiyo mashini."

Siku moja mteja, mwanamume, alisimama nyuma yangu bila kusema kitu, akitazama kitambaa. Nikasikia kivuli chake mgongoni. Kifua kikafunga. Vidole vikajikunja juu ya kitambaa cha watu. Yule mama alimtoa mteja nje, akafunga mlango, akaketi sakafuni karibu nami mpaka ikapita. Nilipoanza kutafuta kichupa changu mkobani, alinishika mkono.

"Hiyo dawa ya nini?"

"Ya pumu."

"Nani alikuambia we iko na pumu?"

"Mama. Na kituo cha afya. Bibi yangu alikuwa nayo."

Akatikisa kichwa. "Mi kaka yangu iko na pumu toka utoto. Nimelala naye chumba moja. Pumu inaimba, we. Inapiga filimbi, unaisikia toka barabarani. Yako haiimbi. Yako iko kimya kabisa. Mutu wa pumu anataka hewa kwa makelele. We unaitaka kwa siri."

Nilikasirika. Sikuelewa kwa nini nimekasirika hivyo. Nilitaka kumwambia hajui kitu, kwamba ugonjwa ni wangu na wa familia yangu. Lakini kwa wiki nzima nilisikia neno lile, kimya, kila nilipobana pumzi kupitisha uzi kwenye sindano. Mwisho alinipa ruhusa ya siku tatu na kunielekeza kwa muuguzi mmoja kule Gitega, ambaye alimsaidia jirani yake baada ya vita. "Anashughulika na watu wa mawazo mingi," alisema. Nikamjibu mimi si kichaa. "Kichaa analala," akasema. "We haulali. Nenda."

Muuguzi yule alikuwa mwanamke wa umri wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alikwishapata karatasi za daktari aliyenipima asubuhi ile: mapafu yangu yalikuwa mazima, hayana pumu, hayana kifua kikuu, hayana kitu. Aliniweka kwenye kiti, akaweka kiganja chake tumboni pangu, akasema kwa Kirundi, "Hema."

Kwa Kirundi hilo ni neno la kuamrisha: pumua. Lakini nilikuwa nimechanganyikiwa, na neno lilinijia kwa Kiswahili. Nikasema, "Hema gani? Kwenye mahema tulishatoka."

Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka. "Bon," akasema. "Basi pumua."

Nikapumua. Kiganja chake hakikusogea. Akaniambia nitazame: tumbo langu limelala kama jiwe, mabega ndiyo yanapanda. Akanieleza, polepole, jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Kwamba mtu mwenye hofu hupumua juu juu, kifuani, haraka, na hilo si kosa, ndivyo mwili unavyojiandaa kukimbia. Hofu ikiisha, mwili hurudi. Lakini yupo mtu ambaye hofu yake haikuambiwa kwamba imeisha. Huyo huendelea kuvuta na kuvuta bila kutoa. "Wewe hukosi hewa," alisema. "Umejaa hewa. Unavuta juu ya iliyomo. Ndiyo maana midomo inakufa ganzi na vidole vinajikunja. Kisha unaogopa kwamba unakufa, unavuta zaidi. Hutoi. Jifunze kutoa."

Alinifundisha kutoa kama mtu anayepoza uji kwenye kijiko, taratibu, kwa mdomo uliofinywa, mpaka mwisho, halafu kuacha hewa irudi yenyewe bila kuivuta. Ni jambo dogo hata aibu kulisimulia. Nilipofika mwisho wa pumzi ya tatu nilianza kulia, si kilio cha huzuni, machozi tu, kama bomba lililovuja.

Akasubiri. Kisha akauliza, "Nani alikufundisha kunyamaza namna hii?"

Nikamwambia. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Naandika hapa kama nilivyomwambia.

Tulipokimbia, njia ya Ruyigi, iliyo fupi, ilikuwa haipitiki, tukapanda kaskazini na kundi la watu, siku nyingi, mpaka upande wa Buhinyuza, tukitafuta pa kuvukia mto Ruvubu kwenda Tanzania. Tulikuwa watatu wa nyumba moja: mama, mimi, na bibi mzaa baba. Bibi alikuwa na pumu ya kweli. Alipotembea kifua chake kilipiga filimbi, alipoketi kilipiga filimbi. Mimi niliipenda sauti ile. Nilikuwa nikilala ubavuni mwake tangu niachishwe ziwa, na kwangu usingizi ulikuwa na sauti hiyo.

Asubuhi moja tulijificha kwenye mafunjo kando ya mto. Wanaume wenye silaha walikuwa wakipita kwenye njia ya juu, makundi makundi, kuna jua kabisa, tunawaona miguu. Tulikuwa kama watu thelathini ndani ya matope. Kila mtu alikuwa kimya, hata watoto wachanga, isipokuwa bibi. Aliziba mdomo kwa kitenge lakini filimbi ilitokea puani. Wanaume wa kundi letu wakaanza kumtazama mama. Kisha mmoja akasogea akamnong'oneza, "Huyo mzee atatuua wote. Mwondoe, ama sisi tutamnyamazisha."

Makundi yalipoacha nafasi, mama alinituma mimi. Naomba ieleweke hivyo: alinituma mimi. Aliniambia nimshike bibi mkono nimpeleke nyuma, mbali na mto, kulikokuwa na shamba la migomba lililoachwa, nimketishe, nimwambie mama amesema tutarudi kumchukua. Labda aliona mtoto na mzee hawatatiliwa shaka. Labda hakuweza kumtazama usoni. Nimempa sababu nyingi kwa miaka mingi.

Nilimpeleka. Bibi alitembea akiniegemea begani. Nilimketisha kwenye mgomba, nikasema nilichotumwa. Bibi akasema, "Haya, mama," kama alivyozoea kuniita. "Mwambie nangoja hapa hapa." Nikarudi. Nilipofika kwenye mafunjo mama alinivuta chini, akaniambia sikioni, "Sasa pumua kwa pua, kidogo kidogo, usisikike, mpaka nikuguse." Mchana ukafika. Njia ikawa tupu, kundi likaanza kuvuka. Nikamwuliza mama, "Na bibi?" Alinifinya mkono kwa nguvu, akanitumbukiza majini mbele yake.

Sikumbuki kwamba aliwahi kunigusa kunipa ruhusa ya kupumua.

Muuguzi alifuta miwani yake. Nilidhani ataniambia nilikuwa mtoto, si kosa langu. Hakusema hivyo. Alisema, "Na huyo baba yako mdogo anajua?"

"Hajui. Anadhani alikufa kwa pumu njiani."

"Donc, basi, mna kifua kimoja nyumba nzima," akasema, "na kimefungwa na mama yako." Akaniambia nirudi kila mwezi. Akaniambia pia kwamba zoezi la kupumua litanisaidia vidole visijikunje, ila halitamtoa bibi pale kwenye mgomba.

Nilirudi Muyinga, na Jumatatu iliyofuata nikachukua pikipiki mpaka Buhinyuza. Sikuwa na mpango. Nilitaka kuona tu kama mahali pale papo, kwa sababu nilikuwa nimeanza kujiuliza kama nimepabuni. Nilishinda nikiuliza watu kuhusu mafunjo, kuhusu kivuko cha zamani, kuhusu shamba la migomba. Watu walikuwa wema, walidhani natafuta ardhi. Mwisho mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mihogo aliniuliza natafuta nini hasa. Nikasema, bila kujiandaa, "Mwanamke mzee. Alikuwa na pumu."

Akaweka chini kikapu chake.

"Wewe ni nani kwake?" akauliza.

"Mjukuu."

Alinitazama sana. "Tulidhani mmekufa wote," akasema.

Bibi hakufa siku ile. Hakufa mwaka ule. Mume wa mwanamke huyu, naye ameshafariki, aliisikia filimbi yake alipokwenda kuchungulia migomba yake, akambeba mgongoni mpaka nyumbani. Aliishi nao mavuno mawili. Alimenya maharage, aliimbia watoto. "Watoto wangu walizoea kulala kwa kifua chake," mwanamke alisema. "Alipokufa walikesha siku nne, nyumba ilikuwa kimya mno." Kila asubuhi isiyo na mvua bibi aliomba apelekwe kuketi pale pale kwenye mgomba alipoachwa. Walimkatalia, kulikuwa na hatari, lakini aliwaambia mkwe wake amesema atarudi, na mkwe wake ni mtu wa neno lake. Hivyo alisema. Mtu wa neno lake.

Nilionyeshwa kaburi nyuma ya nyumba, limezungushiwa mawe, limepaliliwa. Nilisimama hapo. Kifua hakikufunga. Ningependa kusema nilipata amani. Nilipata hasira, nyingi, safi, na ilikuwa na nafasi ya kutosha kifuani, maana nilikuwa nimeshajifunza kutoa hewa.

Nilikwenda Makebuko nikamwambia mama. Alikuwa akipalilia ule mteremko. Nilimwambia yote pale pale shambani, nimesimama: aliishi, alibebwa, alingoja mavuno mawili, alikuita mtu wa neno lake. Mama hakuacha jembe. Alilima mpaka mwisho wa tuta. Kisha akasema, "Nilikuwa nimeshamzika. Miaka yote hii nilikuwa nimeshamzika. Kwa nini umemfukua?"

"Hukumzika. Ulimwacha hai."

"Walisema watamnyonga, mwanangu. Mbele yako. Ningefanya nini?"

"Tungekwenda mimi na wewe, wote, tukae naye."

"Tukae naye tufe?"

"Hakufa!" Nilipiga kelele, na watu wa mashamba ya jirani wakainua vichwa.

Mama alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau, si kwa toba, kwa chuki hasa, kama mtu aliyeibiwa kitu chake cha mwisho. "Afadhali ungeniacha na nilichokuwa najua," akasema. Ndipo nikaelewa. Kama bibi angekufa siku ile, mama angekuwa mtu aliyeokoa mtoto wake. Bibi kwa kuishi alimnyang'anya hilo, na mimi ndiye niliyemletea habari.

Nilimpa siku tatu amwambie baba mdogo. Hakumwambia. Nikamwambia mimi. Baba mdogo alisikiliza ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, mikono magotini. Sikuficha chochote, hata mkono wangu ulioshika mkono wa bibi. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu: "Wale watu wa Buhinyuza, walimpa maziwa? Mama alipenda maziwa." Nikasema sijui. Akaingia ndani. Sauti niliyoisikia kutoka ndani sikuitambua kwanza. Ni mwanamume mzima anayevuta hewa na kushindwa kuitoa. Nilijua la kufanya. Nilijua maneno yote, kiganja tumboni, uji wa moto, toa taratibu. Nilibaki nje. Huyu alikuwa ameketi kwenye tambarare ya baba yangu miaka yote, akitupangia mteremko, na kwa muda ule nilimwacha apate sehemu yake. Mkewe ndiye aliyemwendea. Sijivunii, lakini sijatubu pia.

Mwezi uliofuata tulikwenda Buhinyuza kwa ibada. Baba mdogo alitaka kuhamisha mifupa kuileta Makebuko. Yule mwanamke akakataa, akasema huyu ni wetu pia, mlimwacha sisi tukamchukua, na mifupa ikabaki pale pale. Padri alisoma, tukaimba. Baada ya hapo, kama desturi, tuliketi kwenye kivuli cha nyumba, vinywaji vikazunguka. Mama alikuwa nyuma kabisa karibu na jiko, amekuja kwa sababu nilimleta kwa lazima. Baba mdogo akasimama na kusema kwamba shemeji yake ana neno.

Hakuwa ameniambia kwamba atafanya hivyo. Watu wakageuka. Mama akasimama. Nilimwona mabega yakipanda, yakabaki juu. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo watu wa mbele iliwabidi wainame kuisikia, "Nilimwahidi nitarudi. Sikurudi. Nilisema uongo hapa na nilisema uongo kwetu. Basi." Akaketi.

"Nimesikia," alisema baba mdogo. Hakusema amesamehe. Padri alimtazama kwa kumsihi, yeye akaketi. Wanatufundisha siku hizi kwamba ukweli unaponya, wanatufundisha kwenye mikutano, kwenye redio. Pale ukweli ulisemwa mbele ya mashahidi, na watu wakamaliza vinywaji vyao na kupanda gari kila mmoja kwa upande wake.

Makebuko mama hakukaa tena. Mke wa baba mdogo aliacha kumsalimu, kisha majirani, kisha kwenye bomba la maji wakawa wanampisha apite mbele, jambo ambalo ni baya kuliko kusukumwa. Nilimleta Muyinga. Tunakaa vyumba viwili nyuma ya kibanda cha ushonaji. Yeye na yule mama Mwislamu wanaelewana, wanachambua mchele pamoja bila kuongea. Nilijaribu kumfundisha mama kupumua. Niliweka kiganja tumboni pake kama nilivyofanyiwa, nikamwambia atoe. Aliuondoa mkono wangu. "Mimi nimezoea," akasema. Nami kifua hunifunga bado, mara moja moja, lakini naijua njia ya kutokea.

Mwaka huu, kabla ya mvua, baba mdogo alikuja Muyinga. Alisimama mlangoni pa kibanda na kofia mkononi. Binti yake anaolewa, alisema, na yeye anataka koti, na amesikia kwamba mimi ni fundi mzuri. Gitega imejaa mafundi. Nikamkaribisha. Mama alikuwa chumba cha nyuma, mlango uko wazi, na wote watatu tulijua.

Nilipima mabega, nilipima mikono. Nilipozungusha futi kifuani nikamwambia, "Toa pumzi, baba, nisije nikakupima na hewa." Alikuwa ameibana. Ikatoka taratibu, ndefu, nikaisikia usoni. Amezeeka. Niliandika vipimo.

Alipokuwa akiondoka alisema, akitazama barabarani, "Wewe njoo kwenye harusi. Umenisikia? Wewe njoo. Mama yako apumzike nyumbani."

"Nimesikia," nikasema.

Koti nilishona kwa siku tano, kitambaa cha kijivu, bitana nzuri. Siku ya mwisho nilitoka kununua vifungo, na niliporudi nilimkuta mama amewasha pasi ya mkaa, anapiga pasi mikono ya koti lile, kwa uangalifu, akinyunyiza maji kwa vidole. Alipomaliza alilikunja, akalifunga kwenye kitenge chake kizuri, akanikabidhi.

Jumamosi nilipanda gari la Gitega peke yangu.